Nyayo Zilizokanyagwa

Masumbuko alikuwa na namna moja tu ya kuchagua kiatu: anakiweka kiganjani, anakipandisha na kukishusha, na kile kinachouvuta mkono chini ndicho anachonunua. Jembe alilinunua hivyohivyo, na sufuria hivyohivyo, na katika miaka yote aliyochunga ng'ombe kwenye bonde la Usangu, tangu wazazi wake walipohama naye kutoka Usukumani, hakuna aliyewahi kumwambia kuwa anakosea. Kiatu kizito ni kiatu. Kiatu chepesi ni umaskini uliotiwa kamba.

Sasa alikuwa amesimama katika soko la Mwanjelwa, mjini Mbeya, mbele ya rundo la viatu vya mtumba, na binti yake Shija alikuwa amemshikisha kiatu ambacho mkono haukukisikia kabisa.

"Hii ni soksi," akasema.

"Ni raba ya kukimbilia milimani, baba."

"Soli iko wapi?"

Shija akakibana kwa vidole viwili, kikajikunja kama chapati. Soli ilikuwepo, nyembamba, yenye meno madogo ya kung'ata tope. Mbele palikuwa papana, vidole vikae vinavyotaka, na kisigino hakikuinuliwa hata kidogo. Muuzaji, Mnyakyusa mmoja mcheshi aitwaye Asukile, alikiri kwamba pea ile ilikuwa imelala pale tangu ifike. Wateja walidhani ni viatu vya kuogelea.

Masumbuko akakasirika. Hakuwa bahili, tuelewane. Angekuwa bahili angefurahi. Alikuwa na majivuno, na majivuno yake yote aliyaweka kwa huyu binti aliyezaliwa baada ya mapacha, aliyekuwa akiwarudisha ndama waliotoroka kabla kaka zake hawajamaliza kubishana nani aende. Mtoto kama huyo apande Mlima Loleza mbele ya mkoa mzima amevaa soksi? Watu wangesema nini juu ya zizi lake?

Na safari hii hapakuwa na nafasi ya kukosea. Mwalimu Yotamu, aliyekuwa akimfundisha Shija kukimbia, alisema wazi: mwanamke atakayeshinda mbio za Loleza, huyo mmoja tu, ndiye atakayechukuliwa kambini Arusha. Nyumbani nako baba na binti walishakubaliana kwamba akishindwa, basi, anarudi kwenye mpunga na ng'ombe. Mwaka uliopita, kwenye vilima vya Iringa upande wa Tosamaganga, Shija alifika wa mwisho akichechemea, mguuni ana raba nene ajabu. Masumbuko ndiye aliyezichagua raba zile. Mpaka leo aliamini kwamba kosa lao lilikuwa moja, hazikuwa nzito vya kutosha.

"Chukua hizi," akasema, akiinua pea yenye soli kama tofali. "Hizi zitakushika."

"Zitanishika kweli," Shija akajibu. "Baba, mimi sibishani na wewe. Nisome tu."

Alijua anachokisema. Katika familia ile, kusoma kulikuwa ni kusoma nyayo. Masumbuko aliweza kuinama njiani akakwambia ni ng'ombe yupi amepita, ana mimba au hana, ametoroka au ameswagwa na mwizi. Na nyayo za watoto wake alizijua kuliko sauti zao. Nyuma ya vibanda palikuwa na kipande cha ardhi kilicholainishwa na mvua ya asubuhi. Shija akavaa zile raba nene, akakimbia hapo kwenda na kurudi.

"Ukichafua, dada, umenunua!" Asukile akapiga kelele.

Shija akavua, akakimbia miguu mitupu pembeni ya nyayo za kwanza. Halafu akavaa zile nyepesi, akakimbia tena, akaja kusimama pembeni mikono nyuma kana kwamba mambo yale hayamhusu.

Masumbuko akachuchumaa. Raba nene zilikuwa zimechimba kisigino na kuburuta ncha, na mguu wa kulia ulikuwa umepinda nje, kama wa mtamba aliyeumia na hataki mchungaji ajue. Hakuzitambua nyayo zile. Angezikuta porini angesema amepita mgeni, tena mgonjwa. Akageukia nyayo za miguu mitupu, kisha zile za kiatu chepesi. Zilikuwa ndugu. Uzito ulikaa mahali palepale, hatua ilikuwa fupi vilevile, na wayo wote umeishika ardhi. Mwaka mzima alikuwa ameulaumu wepesi, kumbe kosa ni uzito.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema hatimaye, bado amechuchumaa, "kule Iringa nilikuvalisha mguu ya mtu mwingine."

"Na sasa?"

"Sasa beba hii. Hii ndiyo wewe."

Siku ya mbio, Loleza ulikuwa umejifunika ukungu. Masumbuko alipanda akiongozwa na mke wa Mwalimu Yotamu, Damari, mama Gloria, aliyelima viazi kwenye miteremko ile na kuijua kona ambayo wanawake wangepita wakishuka kuelekea mwisho wa mbio. Lakini magoti ya mtu wa tambarare na mlima hayapatani. Mara apumzike, mara asifie viazi vya watu ili apumzike tena. Walipofika konani, njia ilikuwa tupu na tope limevurugwa.

"Wameshapita wote, baba Shija!" Damari akalalamika. "Tumechelewa, jamani."

Masumbuko alishainama. Akapekua tope kwa macho mpaka akaziona: meno madogo, mbele papana, hatua fupi ya mtu anayejua anakokwenda. Akazifuata moja baada ya nyingine mpaka njia ilipoingia ukunguni, akarudi, akazifuata tena.

"Umemwona?" Damari akauliza.

"Nimemwona."

"Anaendeleaje?"

"Wamemkanyaga."

"Nini?"

"Wamemkanyaga wote, mama Gloria. Kila mmoja amepita juu yake."

Damari akajishika kifua. "Pole, baba Shija. Pole sana. Mungu atampa siku nyingine."

Masumbuko akainua uso, na uso ule ulikuwa umelowa machozi na unacheka. "Pole ya nini? Njoo uone! Nyayo yake iko chini. Hapa wamepanda juu yake, na hapa, na hapa. Yeye hajakanyaga ya mtu hata moja. Alipita hapa tope ikiwa mpya!"

Damari akaangalia, akaangalia tena, kisha akaachia kigelegele kilichowatisha mbuzi wa jirani. Akakusanya kanga yake, akaanza kushuka mbiombio kuwahi mwisho wa mbio, naye Masumbuko akamdaka mkono.

"Pita kwenye majani, mama," akamwambia. "Hapo wameshamkanyaga vya kutosha."