Mguu wa Upande wa Bahari

Wageni wa Shelly Beach wana tabia moja iliyomharibu farasi wangu. Wakipanda, hutaka waende mdogo mdogo hadi kwenye mawe, wapige picha, halafu mbio ziwe za kurudi. Kila siku mbio ni za upande huo huo, bahari ikiwa kulia. Ndiyo maana Tufani alijua kukimbia kwa kutanguliza mguu wa kulia tu. Ukimzungusha upande wa kushoto hutanguliza huo huo, anayumba, na aliye juu anashika manyoya ya shingo akimwomba Mungu.

Bi Zuleikha, mwenye farasi, alikuwa anafunga biashara. Shule moja ya kupanda farasi huko bara ilikubali kumchukua Tufani pamoja na mtunzaji wake, mradi farasi ajue kubadili mguu wa kutanguliza huku akikimbia. Mtunzaji ni mimi, Mbeyu. Nimemlea Tufani tangu hajui hatamu ni nini. Sikuwa na haja na shule yao wala baridi yao. Nilitaka tusiachane, basi.

Nikaanza kumfundisha maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu. Tulikimbia kwenda kwenye mawe, bahari kushoto, naye nikamzoeza kutanguliza kushoto. Tukifika tunageukia majini, na tukinyooka kurudi namgusa kwa kisigino ili abadili. Mwanzoni alinichukia. Aliwahi kunitupa majini mbele ya wageni, nao wakacheka hadi wakakaa chini, watu wasio na haya. Kisha asubuhi moja akabadili, mguu ukaja mbele taratibu, kama mama anayemhamisha mtoto kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili. Nililia nimeikumbatia shingo yake. Tangu hapo hakukosea tena, nami nikatembea Likoni kichwa juu, mwalimu mzima.

Wafula, mkuu wa ile shule, alikuja kwa ndege na hakutaka kuvuka kwa feri hadi kwetu. Akasema tumpeleke farasi Port Reitz, jirani na uwanja wa ndege, kwenye uwanja wa mpira, ambako lori lao lingesubiri. Akampanda mwenyewe. Akamzungusha kulia, Tufani akaenda vizuri. Akamgeuza kushoto, akamgusa kwa kisigino, na Tufani akaendelea na mguu wa kulia, akiyumba kama zamani. Akamgusa tena. Hakuna.

Niliomba nimpande mimi, nikiwa na hakika kosa ni la Wafula. Nilimgusa pale pale ninapomgusa siku zote. Alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, kushoto kuna ukuta, kulia kuna ukuta, na mimi juu yake nikaelewa. Kisigino changu hakikuwahi kumwambia kitu. Alikuwa akitazama maji yako upande gani, ndipo anatanguliza mguu wa upande huo.

Nikashuka. Bi Zuleikha alikuwa ameshikilia buibui lake lisipeperushwe.

"Mbeyu, mwanangu, miezi yote hii ulikuwa wamfundisha nini?"

"Bahari, mama," nikamwambia. "Nimemfundisha bahari."

Wafula hakunicheka. Afadhali angenicheka.

"Farasi ni mzuri, tutamchukua tumfundishe upya," alisema kwa upole. "Lakini mwalimu wake hatutamhitaji."

Nilimsihi anipe nafasi kwenye uwanja mkavu, nirekebishe nilichokosea. Akanieleza kwamba farasi akiendelea kunisikiliza mimi hatasahau alichozoea, na kwamba ni kwa faida yake. Bi Zuleikha akasema inshallah nitapata kazi nyingine, akatazama pembeni. Nilimchukia pale pale, na mpaka leo sijamaliza kumchukia.

Tufani akakataa kupanda lori lao. Wanaume watatu walimvuta kwa kamba, akarudi nyuma, akapiga mateke, macho yamemtoka. Mmoja akaenda kutafuta fimbo. Hapo ndipo Wafula aliponijia, hakunitazama usoni, akasema, "Dada, tusaidie."

Ningeweza kuondoka zangu. Lakini fimbo ilikuwa imeshapatikana.

Nilichukua kamba, nikapanda ubao wa kuingilia lori bila kugeuka nyuma. Tufani akanifuata hadi ndani, akatulia, akaniwekea kidevu begani. Nikamfunga fundo lililo imara. Kisha nikatokea mlango mdogo wa mbele na kutia komeo mwenyewe.