Wasia na Chai ya Bi Nuru

Kwa jina la Mola aliyekiweka chuma ardhini na kukipitisha kwa kipimo katika damu ya waja wake, twaanza. Na rehema zimshukie Mtume wake, jamaa zake na sahaba zake.

Watu wa habari hii ni wachache. Wa kwanza ni Bi Nuru, ajuza wa Majengo ya Nyeri, aliyewaosha maiti wa kike wa mtaa huo kwa miaka thelathini. Wa pili ni Halima Watiri, mwanafunzi wake katika kazi hiyo, mke wa Kahiga mwenye lori la viazi vya Mweiga. Wa tatu ni Gathoni, jirani aliyesilimu mwaka huo. Wa nne ni Sista Gaudencia, muuguzi wa zahanati, Mkristo aliyetoka magharibi mwa nchi. Bendera ya uhuru ilikuwa na miaka tisa.

Bi Nuru alikuwa ameusia jambo moja tu: siku yake ikifika, asioshwe na mkono mwingine ila wa Halima. Halima alikubali, tena kwa kiapo, wakati angali na nguvu.

Nguvu hizo zilimtoka kama maji ya mtungi wenye ufa usioonekana. Kilima cha kutoka sokoni, alichokuwa akikipanda na mzigo mgongoni huku akipiga soga, sasa alikipanda kwa vituo vitatu, moyo ukimdunda masikioni. Vidole vikawa baridi hata juu ya makaa. Kucha zikabonyea, tone la maji likaweza kutulia juu yake. Mvua ikinyesha, harufu ya ukuta wa udongo ilimtia uchu, naye akaumega na kuutafuna kwa siri kama mwizi. Baada ya magharibi alisinzia ameketi, tasbihi mkononi, sufuria hazijaoshwa. Kahiga hakuwa mtu mwovu, lakini alisema kwamba alioa mke na sasa anafuga mgeni. Kwa Halima hata kujibu kulikuwa kazi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba maneno ya wanawe aliyasikia kwa mbali, kama mvua inayonyesha juu ya bati la jirani.

Mtaani walisema ni ubaridi wa maiti. Waliamini kwamba kila anayeoshwa humwachia muosha sehemu ya baridi yake, na aliyeosha wengi hulipa. Halima naye aliamini. Miaka miwili alijifukiza udi na kunywa tangawizi ili baridi imtoke, na hakumwambia mtu kwamba damu yake ya mwezi humwagika siku kumi. Hayo aliyahesabu kuwa ya wanawake, ya kusitiriwa.

Siku kata ya maji ilipomponyoka na kumwangukia kifuani marehemu waliyekuwa wakimwosha, Bi Nuru aliiokota akamaliza kazi mwenyewe. Kesho yake alimshika mkono akampeleka zahanati.

Sista Gaudencia alimshusha kope la chini, akatazama weupe wa ndani, akatazama kucha, akauliza maswali yaliyomfanya Halima ainamishe macho.

"Hii si baridi ya wafu, mama," akasema. "Damu yako imekosa chuma. Kila mwezi unamwaga, na hurudishi."

Akampa vidonge, akamhimiza ale maini na mboga za majani. Bi Nuru alifurahi mno. Kila asubuhi alikuja na birika la chai, nzito, iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi kama masizi, akamsimamia Halima mpaka kidonge kikashuka kwa chai hiyo. Miezi mitatu ikapita, na kilima kikabaki na vituo vyake vitatu. Halima akarudi zahanati kusema kwamba dawa imeshindwa, na watu wa mtaani ndio wakweli.

Sista alimuuliza anamezaje. Naye akamweleza habari ya birika la kila asubuhi.

"Chai ndiyo inakula dawa, mama. Meza na maji ya ndimu. Chai ingoje masaa mbili."

Halima alirudi akijiuliza jinsi ya kumwambia ajuza kwamba wema wake ndio uliomziba njia. Siku nne alikificha kidonge shavuni mpaka Bi Nuru aondoke. Siku ya tano akasema. Bi Nuru aliliweka birika chini.

"Kumbe ni mimi niliyekuwa nikijicheleweshea muosha," akasema. "Haya, leta ndimu zako. Lakini mimi sikuahidi kukungoja, mwanangu."

Wala hakungoja. Wiki ya sita, katika ukungu wa Julai, alifariki baada ya alfajiri. Wakati huo Halima alikuwa ameanza kurudi: uchu wa udongo ulikwisha, na kilima alikipanda kwa kituo kimoja. Mikono tu ndiyo iliyokuwa bado mizito.

Aliingia na Gathoni wa kumiminia maji. Akatia nia, akaosha viungo vya udhu, kisha upande wa kulia, toka bega hadi unyayo, amesimama. Ilipofika zamu ya kushoto, mikono ikamwishia nguvu. Akakumbuka kiapo. Akavuta kigoda, akaketi, akamwita Gathoni karibu, akauweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake ili auongoze, kiapo kisivunjike. Gathoni, aliyesikia habari ya ubaridi wa maiti, alitaka kuuvuta wake.

"Usiogope," Halima akamwambia. "Ubaridi huu ni wake mwenyewe. Hatuachii sisi."

Basi upande wa kushoto ukaoshwa kwa mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, polepole, mpaka ukatimia.

Baada ya maziko wanawake walileta chai. Halima aliomba kwanza maji na ndimu, akameza kidonge chake, akangoja. Chai ikapoa mbele yake, naye hakuwa na haraka, alikuwa amechoka.

Mola amrehemu Bi Nuru na aukubali mkono uliomwosha. Na wanawake waliobaki, wanaochoka wasijue kinachowachosha, awarudishie damu yao, awape wa kuwauliza hali bila kuwadhania uvivu, na bega la kuegemea mpaka nguvu zirudi. Amin.