Ndevu za Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni daktari wa ngozi, na mpaka mwaka ule wa ugonjwa hakuna mtu kati yetu aliyekuwa ameuona uso wake wote. Dada mwenyewe alimpata akiwa na ndevu tayari. Zilikuwa ndevu za kuheshimika, nyeusi, zenye mvi pale tu panapostahili, na alizitunza kuliko watu wengine wanavyotunza gari jipya. Kwenye mfuko wa koti jeupe, mahali ambapo sisi wengine tunaweka kalamu, yeye aliweka kitana. Wagonjwa walimpenda. Walisema mtu mwenye ndevu nzuri namna ile hawezi kukupa dawa mbaya. Mimi ni daktari wa meno, watu huingia kwangu wakiwa wameshakunja sura, kwa hiyo sikatai kwamba nilimwonea wivu.

Ugonjwa ulipoanza kutajwa kwenye taarifa za habari, sisi wa meno, wa macho na wa ngozi tulijifariji kwamba magonjwa ya kifua yana wenyewe. Ulipofika mji wa jirani, mganga mkuu alituita ukumbini akatuambia kwamba hayana. Wagonjwa wakija kwa wingi, alisema, madaktari wa kifua tulionao hawatafikisha hata mchana. Kliniki zetu zingefungwa na sisi tungefundishwa upya, kuanzia namna ya kuvaa na kuvua, kumpa mtu oksijeni, kumgeuza kitandani, mpaka namna ya kuzungumza na ndugu zake ambao wasingeruhusiwa kuingia. Mkufunzi wetu angekuwa daktari bingwa wa wagonjwa mahututi. Mlango ukafunguliwa, akaingia mkwe wetu.

Huyu ni mke wa mtoto wa kwanza wa dada. Mimi ananiita mama mdogo, na tukiwa wawili ana maneno mengi na kicheko kikubwa. Mbele ya baba mkwe wake sauti humkauka. Tangu aolewe sikuwahi kumsikia akimwambia mzee "hapana." Akiulizwa na mzee kama chai imemtosha, imemtosha, hata kama kikombe hakijamfikia. Siku ile shemeji alikaa kiti cha mbele kabisa, akakunja mikono, na kila baada ya muda akawa anageuka kututazama sisi wa nyuma, kama mzazi aliyemleta mtoto kupokea zawadi.

Fahari hiyo ilidumu mpaka tulipofika kwenye kuvua.

Kuvaa mavazi ya kinga hakuna ugumu, ni kama kuvaa koti la mvua. Ugumu uko kwenye kuvua, maana uchafu wote uko upande wa nje na unatakiwa ubaki huko huko. Mkwe alitupaka kifuani na viganjani unga usioonekana, akatuambia tujifanye tumetoka wodini, tuvue polepole kama alivyotuonyesha, glavu kwanza na barakoa mwisho. Tulipomaliza akazima taa za ukumbi, akawasha taa ya buluu inayoufanya unga ule ung'ae. Mimi nilikuwa na doa kwenye kiwiko. Daktari wa macho aling'aa sikio. Shemeji ziliwaka ndevu zote, kuanzia shavu hadi shavu, kama duka la kuuza taa. Alikuwa amezipapasa kila alipokuwa akitafakari hatua inayofuata, na yeye ni mtu wa kutafakari sana.

Tulicheka, lakini kwa kuwa ilikuwa gizani tuliona bado tumemheshimu.

Kesho yake kulikuwa na kupimwa barakoa. Unavaa barakoa nzito, ile ya wodini, unafunikwa kichwa kwa mfuko mkubwa unaoonyesha hadi nje, kisha unapuliziwa humo maji machungu. Barakoa ikiwa imekubana vizuri, huonji kitu. Ikiwa ina upenyo, utajua. Kwetu sisi ilipita salama. Ilipofika zamu ya shemeji, mkwe alipuliza mara moja, na kupitia ule mfuko tukaona macho ya mzee yakijaa machozi na nyusi zikipanda hadi katikati ya paji la uso.

Mkwe akamuuliza kwa sauti ndogo kama ameonja chochote.

"Hakuna kitu," alisema shemeji, huku akikohoa.

Mkwe akatutazama sisi, akatazama chini, akamwambia asante Daktari, anaweza kukaa. Wakati wa mapumziko alinifuata kwenye ngazi. Alisema barakoa ile haiwezi kushika juu ya ndevu, hewa inapita pembeni, na akimruhusu mzee kuingia wodini hivyo ni sawa na kumwingiza uso mtupu. Akaniomba nimwambie mimi. Mimi ni shemeji yake, nina ruhusa ya kumwambia lolote.

"Ndiyo maana hatanisikia," nilimjibu. "Nimemtania anyoe tangu siku ya harusi yao. Wewe ndiye hujawahi kumtania."

Alisimama pale akizungusha pete kidoleni. Mtu huyu alikuwa amezoea kuamua, kwa utulivu kabisa, nani apewe mashine ya kupumulia, lakini jambo hili lilimshinda.

Jioni tulikuwa kwa dada, mimi nikimsaidia jikoni, mkwe alipopiga hodi. Hakuja na mumewe. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, mkoba magotini, akauliza habari za mgongo wa mzee, habari za jirani, na habari za paka. Paka alikuwa mzima. Dada alinikanyaga mguu ili niache kuchungulia, kisha akachungulia yeye.

"Baba, nimekuja kukuomba kitu," mkwe akasema hatimaye.

Shemeji alisema aombe chochote, yeye ni mwanawe.

"Naomba ndevu zako."

Jikoni dada aliuma kitambaa cha vyombo. Sebuleni shemeji akaanza kujitetea, kwa utaratibu, kama mtu anayetoa mada. Alisema angeweza kuzifunga kwa kitambaa. Mkwe akamweleza kwa nini kitambaa hakisaidii. Alisema amesikia kuna kofia zenye feni, ambazo mtu huvaa na ndevu zake. Mkwe akasema zipo chache sana, na ni za wale watakaowaingizia wagonjwa mirija ya hewa. Shemeji akasema, basi, hata yale maji ya leo, kusema kweli, uchungu alioonja ulikuwa kidogo.

"Baba, ulilia," akasema mkwe.

Nilimsikia shemeji akivuta pumzi. Akauliza, na akikataa?

"Nitakupanga kwenye simu, uwape ndugu taarifa. Nayo ni kazi kubwa. Lakini watu wa kuingia ndani sinao, na ninakuhitaji ndani." Sauti yake sasa ikawa ile anayoitumia kazini, ambayo nyumba ile ilikuwa haijawahi kuisikia. "Ukiumwa, sitaweza kumwambia mume wangu kwamba niliona, nikanyamaza kwa sababu nakuheshimu."

Shemeji aliinuka akaenda uani, na baada ya muda akamwita dada aje na mkasi na kiti.

Dada alinyoa, mimi nikashika kioo, mkwe akabaki ndani kwa adabu akijifanya anasoma gazeti. Ndevu zilipoisha kikatokea kidevu kidogo, cheupe kuliko uso wote, chenye kishimo katikati. Dada alirudi nyuma hatua kadhaa akakiangalia kwa muda mrefu, akasema kumbe miaka yote amelala na mtu asiyemjua, na huyu mpya anaonekana mdogo, majirani watasema. Shemeji alicheka kidogo, bila kupenda. Asubuhi kidevu kilikuwa kimejaa vipele vya wembe. Nilimuuliza kama anamfahamu daktari mzuri wa ngozi, akaniambia niende zangu.

Barakoa ilimkaa sawasawa. Mafunzo yaliendelea, na hapo tukagundua mambo mawili juu yake. La kwanza, kwenye mirija ya hewa hafai. Sanamu la mazoezi alilitoboa koo, na mkwe, ambaye sasa alikuwa amezoea, akamwambia mbele yetu sote kwamba mirija hiyo asiisogelee. La pili lilituchekesha mwanzoni. Kila alipoambiwa amgeuze yule mgonjwa wa plastiki alale kifudifudi ili mapafu yapate nafasi, shemeji aliinama kwanza, akajitambulisha, akamwambia anataka kumgeuza na kwa nini, akamuuliza kama yuko tayari. Daktari wa macho akauliza anasubiri jibu gani. Mkwe hakucheka. Alisema tuanze upya wote, na mara hii kila mtu aseme na sanamu.

Kisha wagonjwa wakaja. Sitasimulia wiki zile zote. Wodi ya wazazi ikawa ya kifua, ukumbi ukawa wodi, na sisi tukafanana wote kama magunia meupe yenye majina kifuani. Mkwe aliagiza kila mtu abandike picha yake kwenye gauni, ili wagonjwa wajue kuna uso humo ndani. Picha pekee ya shemeji iliyokuwa karibu ilikuwa ya zamani, yenye ndevu.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye sauti ya kuamrisha hata akiwa na barakoa ya oksijeni usoni. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikuwa kinashuka, na alikuwa amekataa kabisa kulala kifudifudi. Wauguzi wawili walishamwomba, akawafukuza. Nilikuwa kitanda cha pili nikibadilisha mtungi wa oksijeni, nikasikia kila kitu.

Alimuuliza shemeji yeye ni daktari wa nini. Shemeji, ambaye alikuwa ameshajifunza kwamba uongo wake huonekana, akasema wa ngozi.

"Nimeshindwa kupumua," akasema mwalimu, akipumzika katikati ya maneno, "nikaletewa daktari wa ngozi."

"Wa kifua ni wachache, mama. Nimeazimwa."

Mwalimu akainyooshea kidole ile picha. Akasema huyu mwenye ndevu anaonekana daktari kweli, aitwe. Shemeji akamwambia huyo ameacha kazi. Nikaona mabega ya mwalimu yakitikisika, nikaogopa, kumbe alikuwa anacheka.

Shemeji akavuta kigoda. Hakumsihi juu ya kugeuka. Aliona barakoa imemchubua juu ya pua, akaomba ruhusa, akamwekea kipande cha plasta laini pale palipouma, akalegeza kamba nyuma ya sikio. Ndipo mwalimu akamwambia, polepole, kwamba anaogopa akilala uso chini hatamwona mtu akija, na akifa, atakufa akitazama shuka. Shemeji akasema atakaa upande ule uso wake utakaogeukia, na akitaka kuondoka atamwambia kabla. Mwalimu alifikiri. Akakubali. Tulimgeuza pamoja, mito chini ya kifua na nyonga, na shemeji akakaa palepale akimsikiliza akilalamikia ubora wa shuka. Kipimo kikaanza kupanda, taratibu, kama mtu mzima anayepanda ngazi. Mwalimu yule alikwenda nyumbani kwa miguu yake.

Wengi hawakwenda. Kuna mchana mmoja tulipoteza watu mfululizo, na wa mwisho alikuwa mtu wa makamo ambaye mkwe alimhangaikia tangu alfajiri. Nilimkuta mkwe kwenye chumba cha kubadilishia, ameshavua, amekaa kwenye benchi, simu mkononi, namba ya mke wa marehemu imeshaandikwa kwenye kioo. Alikuwa haipigi. Shemeji aliingia nyuma yangu akaona. Alimuuliza jina la marehemu na jina la mke. Kisha akachukua ile simu kutoka mkononi mwake, akatoka nayo koridoni, na tukamsikia akijitambulisha, akimuuliza yule mama kama amekaa, kama yuko na mtu karibu. Alizungumza naye kwa muda mrefu. Mkwe aliegemea bega langu akalia kwa sauti, na shemeji aliporudi, yeye hakuona haya wala hakujifuta machozi. Shemeji akamwambia aende nyumbani akalale. Mkwe akasema hapana.

Nadhani ndiyo "hapana" ya kwanza aliyompa baba mkwe wake maishani, na mzee aliipokea vizuri. Alimletea maji, tukakaa wote watatu mpaka zamu ilipoanza tena.

Ugonjwa ulipopungua kliniki zilifunguliwa, nami nikarudi kwenye sura zangu zilizokunjwa. Dada analalamika kwamba nyumba yake haina utulivu tena. Mkwe akija, yeye na mzee hubishana kuanzia mlangoni, juu ya dawa, juu ya siasa, juu ya nani alisema nini kwenye mkutano wa idara, na chai ikiwa haijamtosha anasema haijamtosha.

Mwezi uliopita hospitali ya mji wa jirani iliomba wakufunzi, na mganga mkuu akawapanga wao wawili, mkwe afundishe mashine, shemeji afundishe kuzungumza na mgonjwa. Mimi niliongezwa kubeba sanamu. Asubuhi ya safari niliwakuta wamesimama kando ya gari wakigombea ufunguo, mkwe akisema baba anaendesha polepole mno, shemeji akisema alimpakia kwenye gari hilo hilo siku mwanawe alipomleta nyumbani kama mchumba na hakulalamika. Mkwe akasema siku ile alikuwa anaogopa. Nililifunga sanamu mkanda kwenye kiti cha nyuma, nikakaa pembeni yake, na kuwasubiri wamalize.