Hatua Kumi na Mbili za Mfalme Kiboko

Mimi, Nungunungu, ni mwana wa Miba-Mirefu, mwana wa Mchimbaji, na hakuna kati yao aliyepata kuitwa barazani kujibu shutuma. Ndio waliochimba mabwawa saba ya majitaka ya Milki ya Bondeni, wakati raia walikuwa wachache na wafalme walikuwa na haya.

Katika milki hiyo, heshima ya kazi ya umma hupimwa kwa hatua. Siku ya uzinduzi Mfalme huizunguka kwa miguu, raia wakihesabu kwa sauti. Mabwawa saba yalimchukua babu yake Mfalme wa leo tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Raia wakaongezeka, mabwawa yakajaa tope, kingo zikaanza kuvuja kuelekea kijito cha maji ya kunywa. Ndipo Nguchiro, fundi wa maji, alipoleta barazani mtambo mpya: tangi moja, lisilozidi ghala la mahindi.

"Ndani yake, Mtukufu, hewa hupulizwa na vijidudu hula uchafu, kisha chujio hutenga maji. Hufanya kazi ya mabwawa yote saba."

"Kuuzunguka ni hatua ngapi?" akauliza Waziri Fisi.

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili!" Ngiri akaangua kicheko. "Fundi, mimi nikienda msalani tu huzizidi hizo!"

Mfalme Kiboko hakucheka. "Mnataka nionekane nikizunguka banda la kuku?"

"Mtukufu, masika hayangoji. Kingo zikikatika, watoto ndio watakaotangulia kufa."

"Usitutishe, binti," nikamwambia. "Kingo hizo alizishindilia babu yangu."

Kisha nikatoa hoja, wala sikulazimishwa: mtambo ukubaliwe, lakini uzungushiwe ua mpana unaomstahili Mfalme. Hoja ikapita. Nguzo hazikutosha. Mabomba ya kupeleka majitaka mtamboni yalikuwa yamelala chini, marefu, yamenyooka. Tukayasimamisha, yakawa nguzo.

Mfalme aliuzunguka ua huo hatua elfu mbili na mia moja. Tulihesabu hadi makoo yakakauka. Mtambo ulibaki katikati, haujapokea hata tone.

Masika yakaja. Ukingo wa bwawa la tatu ulikatika Jumatano asubuhi, majitaka yakamwagika kijitoni, na kuhara kukawaingia watoto. Walizikwa watoto arobaini na mmoja. Wa kumi na tisa alikuwa mjukuu wangu, Kinyemi. Aliomba maji, nikampa ya kijito hicho hicho, kwa kuwa mengine hayakuwapo. Nilimshika mguu hadi ulipopoa. Sikulia. Hata sasa sijalia.

Barazani Fisi alisoma rambirambi za Mfalme, kisha akapendekeza lichimbwe bwawa la nane. Mikono ikainuliwa. Nikautazama wangu: ulikuwa juu pamoja na mingine. Nikaushusha, nikatoka.

Nilimkuta Nguchiro kwenye ua, akifukua bomba kwa kucha.

"Shikamoo, Mzee. Umekuja kunikamata?"

"Marahaba. Nimekuja kuchimba. Sogea."

Hadi adhuhuri tulikuwa tumelaza mabomba matatu. Hakuna aliyekuja kutuhesabia.

Enyi vijana, nisikilizeni, kwa maana sisemi mara mbili. Msiniletee pole, wala msiyataje majina ya babu zangu kwa sifa. Mabomba mia mbili na sita yangali yamesimama, na vuli haiko mbali. Njooni na makucha yenu.