Jina la Bi Mwatum Kwenye Kampuni

Silima, muuza asali wa Konde, alipofungua kampuni yake alifanya jambo ambalo Wapemba wengi wangelifanya: hisa nyingi aliziandika kwa jina la mamaake, Bi Mwatum, apate radhi. Watu huandika nyumba jina la mama, huandika shamba la mikarafuu jina la mama, kampuni ina nini hata isiandikwe? Bi Mwatum akatia dole gumba, akaomba dua, na tangu siku hiyo hakukaa kimya. "Kampuni yangu" sokoni, "kampuni yangu" harusini, hata matangani "kampuni yangu". Watu wakamwita Mwenye Kampuni, na alivyolipenda jina hilo, usiseme!

Basi sheria ikaja na jipya. Kila kampuni, hata iwe ndogo namna gani, ipeleke kwa msajili jina la mmiliki wake wa kweli, yule anayeamua mambo na anayekula faida, si wa kwenye karatasi tu. Asiyepeleka, kampuni yake hufutwa. Silima alisomewa hayo na Bi Modester, mhasibu wake aliyetoka Bara.

"Andika mama, yaishe," alisema Silima.

"Kama si yeye, huo ni uongo, kaka Silima, na uongo huo una kesi. Mlete nimsikie mwenyewe."

Bi Mwatum akaja ofisini kwa Modester na buibui jipya, ananukia udi.

"Mama," Modester alimuuliza kwa adabu, "mambo ya kampuni anaamua nani?"

"Silima."

"Na faida inakwenda kwa nani?"

"Mie huletewa chupa ya asali kila..." Akamgeukia mwanawe. "Silima, mie ndiye mwenyewe, au jina tu?"

Jamani, neno moja tu la uongo na kila mtu angelirudi kwao anacheka. Silima alilitafuta neno hilo, lakini macho ya mamaake hayakumwachia nafasi.

"Jina tu, mama. Nilitaka radhi zako. Nisamehe, sikukwambia vizuri."

Aibu ilimjaa Silima mpaka masikioni. Bi Mwatum akamwambia Modester, "Mwandike yeye. Siidanganyi serikali na uzee huu." Hakulia, hakugomba. Angeligomba, Silima angelipata nafuu.

Wakarudi kwa miguu kwenye duka la kampuni. Nje walimkuta Mzee Ngwali, mteja wao wa siku zote, na wenzake wawili watatu.

"Mwenye Kampuni! Hujambo?"

Bi Mwatum hakuitika. Alimwambia mwanawe, taratibu, "Kwa mhasibu wako umeshasema. Na hawa atawaambia nani? Mie siwezi."

Silima akawaambia. Kampuni ni yake yeye, jina la mama alilitumia tu. Mzee Ngwali akabaki mdomo wazi, yakhe, hata salamu yake akaisahau. Silima akafungua duka haraka, akaingia, akamvutia mamaake kiti karibu na meza kama kila siku. Alipogeuka, mama yuko nje bado, mbele ya kizingiti.

"Ingia, mama. Mbona wasimama?"

"Nangoja kukaribishwa," alisema Bi Mwatum. "Ilipokuwa kwangu nilikuwa naingia tu. Hapa ni kwako."