Emmett Sobczak Arejea Zamu ya Asubuhi

Jumatatu, saa nane na nusu mchana, Bobbie Yankovich alisimama mbele ya ubao wa matangazo, kikombe cha kahawa mkononi, akaisoma karatasi ya kuombea nafasi. Kiwanda kilikuwa cha chupa, mjini Corley, Ohio, na nafasi ilikuwa moja: mkaguzi wa chupa za tanuri namba mbili, zamu ya asubuhi. Desturi ya pale haina fitina. Anayetaka huandika jina, na aliyeajiriwa kabla ya wenzake huchukua. Awe mlevi, awe mtakatifu, tarehe ya kuajiriwa ndiyo husema.

Bobbie alikuwa ameingoja miaka kumi na tisa. Mumewe, Gene, alikuwa zamu ya asubuhi. Yeye alikagua chupa za tanuri hilohilo, zamu ya jioni. Kila siku walionana getini saa tisa, mmoja akitoka, mwingine akiingia, wakipeana funguo za gari na busu la mbiombio. Binti yao alifikisha miaka sita akidhani baba na mama ni mtu mmoja anayebadilisha nguo.

Sasa, juu ya jina lake palikuwa na jingine: Emmett Sobczak, aliajiriwa 1961.

“Huyu si alitumbukia tanurini?” Bobbie aliuliza.

“Alitumbukia, mwaka themanini na saba,” alijibu Pruitt, mwanamama wa chama cha wafanyakazi, huku akitafuna mkate. “Lakini mkataba ndio huo, shoga. Tarehe yako inafutwa ukiacha kazi, ukifukuzwa au ukistaafu. Ofisi haikuandika kwamba alikufa. Iliandika hakufika kazini.”

“Miaka thelathini na saba?”

“Kila siku ya Mungu. Mjane wake alikwenda kudai mafao yake mpaka viatu vikaisha soli. Wakamwambia mumewe aje mwenyewe.”

Jumanne, saa moja kasoro dakika tano asubuhi, Emmett alikuja mwenyewe, akagonga kadi ya kuingia kazini. Alikuwa kioo mwili mzima, kile cha kijani cha zamani ambacho kiwanda hakitengenezi tena. Alipokaa mbele ya tanuri, mwanga ulimpita ukamwagika ukutani, darini, usoni mwa watu, ukichezacheza kama maji yaliyoshikwa na jua. Wanaume ambao hawakuwahi kuvua kofia tangu wabatizwe walizivua. Kisha wakarudi kazini, maana chupa hazingoji mtu. Siku hiyo hakuna chupa mbovu hata moja iliyompita Emmett.

Jumatano Bobbie alipanda ofisini kwa karani, Haskell.

“Andika tu kwamba alikufa, bwana. Mstari mmoja, nami nikale chakula cha jioni na mume wangu kabla hatujasahauliana majina.”

“Nikiandika alikufa, Bi Yankovich, nitaulizwa alifia wapi.”

“Tanuri namba mbili. Mji mzima unajua.”

“Mji hauna daftari.”

“Na yule aliyekaa pale chini, anang’aa kama dirisha la kanisa?”

“Yule ni mfanyakazi aliyerejea. Tena ana onyo la kusaini.”

Haskell alishuka nalo saa tisa kamili, zamu zikipokezana. Kutofika kazini bila ruhusa, miaka thelathini na saba. Gene naye siku hiyo hakwenda getini. Alibaki kando ya mkewe, mwanga wa kijani ukiwamulika wote wawili, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemharakisha mwenzake. Emmett aliishika kalamu kwa vidole ambavyo unaona karatasi kupitia ndani yake. Palipoandikwa *sababu*, aliandika polepole: *Nilikuwepo. Tanuri namba mbili.*

Pruitt alisaini kama shahidi. Haskell alisoma, akasoma tena, akatoa muhuri mfukoni na kugonga: *Maelezo hayatoshi.*

“Kesho usichelewe,” alimwambia Emmett.

Emmett aliitikia kwa kichwa, akainuka. Bobbie akampa Gene funguo, akaketi kwenye kiti alichokiacha Emmett, bado cha moto, akaishika chupa ya kwanza ya jioni.