Tundu la Konokono

Punda alikwisha kufungwa mizigo. Felista, mke wa Melkiori, alikuwa anarudi kwao Ikungi, na kaka yake Yeremia alisimama mlangoni akishika kamba, kwa uso wa mtu aliyekuja msibani.

Kisa chenyewe kilikuwa kitu kimoja cheupe, bapa, upana wa kiganja. Felista alikikuta asubuhi hiyo ndani ya kifurushi cha mumewe, aliyerudi juzi kutoka kazi ya umanamba katika mashamba ya mkonge Tanga baada ya miaka mitatu. Kilikuwa na mchoro wa ua mgongoni, na kando ya ua palikuwa na tundu dogo la mviringo. Kijiji kizima cha Mwankoko hakina mwanamke asiyejua maana ya kombe jeupe lenye tundu: ni kidani, na kidani kina shingo yake. Felista alitaka kujua ni shingo ya nani, ingawa alijiambia hataki.

"Mama Kristina, nakuapia, hicho kimetobolewa na konokono," Melkiori alimwambia mkewe.

Yeremia akacheka kwa pua. "Shemeji, konokono wetu hapa hata jani la mchicha linamshinda."

"Wa baharini ni mwingine. Nimemwona kwa macho yangu, maji yalipokupwa. Hicho ulichoshika kilikuwa kiumbe hai, anatambaa mchangani. Konokono humpanda mgongoni, akamfunika, akamtemea maji makali yanayolainisha gamba. Kisha hulikata kwa ulimi, taratibu, mpaka kiduara kitoke. Anaingiza mdomo, anamla kwa ndani. Gamba linabaki zima."

Felista aliona ni uongo wa kitoto, na ukamuudhi kuliko ambavyo ukweli ungemuudhi. Hata hivyo yeye ndiye aliyeshona vibuyu vilivyopasuka vya kijiji kizima, na matundu aliyajua. Uzi hula upande mmoja wa tundu. Ukingo wa hili ulikuwa sawa pande zote. Akachomoa unyasi paani, akauchomeka. Ukagota ndani. Akakigeuza: upande wa pili, mkabala na tundu, palikuwa pazima; uzi usingeweza kupita. Asubuhi alikishika kwa hasira, hata hakukigeuza.

Hakuna mwanamke aliyekivaa. Moyo ulimtulia kidogo, na akaona aibu mbele ya kaka yake. Lakini hakuondoa kidole kwenye lile tundu.

"Huyu anayeliwa," akauliza, "hupiga kelele?"

"Hana sauti. Hulala tu hapo mchangani. Ukimpita utadhani hana shida yoyote."

 Felista aliwakumbuka watu waliompita shambani mwaka ule mvua ilipokosekana, Melkiori akiwa Tanga, wakamsalimu, naye akawajibu kuwa ni mzima.

"Kaka, ningoje kidogo," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Tangu juzi unanisimulia bahari. Mimi hujaniuliza kitu."

 Melkiori akaketi chini, karibu na miguu ya mkewe. Kisha, kwa sauti ndogo, akamuuliza miaka hiyo mitatu aliishije.